Banda la Kusomea la Shekha

Kila asubuhi, Shekha aliporudi na ndoo ya maji nyumbani kwao Muyeye, Malindi, mdogo wake Faki alimpokea mlangoni kwa habari ileile.

"Dada, nimekuwekea nafasi dawatini. Ni karibu na dirisha, pana upepo."

Hayakuwa maneno ya upendo. Faki alikuwa darasa la tano, Shekha la sita, na Mwalimu Hannah alikwisha kutangaza kwamba atakayeanguka hisabati mwisho wa mwaka atarudia darasa. Shekha na hisabati walisalimiana kwa mbali, kama wake wenza. Akianguka, mwakani angebanana dawati moja na Faki, mtoto anayenusa penseli kabla ya kuandika.

"Si kichwa kinachonisumbua, ni mahali," alimwambia mama yake, Bi Mahfudha. "Nyumba hii ina kelele. Nikipata pahali pangu nitasoma mpaka vitabu viombe msamaha."

Bi Mahfudha alikuwa akishona makuti ya kuuza kwa wajenzi wa hoteli. Akampa yaliyosalia. Shekha akasimamisha banda kando ya nyumba, akaliezeka, akaweka benchi la mnazi. Kisha akachora ratiba kwa chaki za rangi. Ilipendeza hata akaogopa kuifuata asije akaichafua. Vitabu vilikuwa bado mkobani, vimelala usingizi wa pono.

Hapo akafanya kosa ambalo mtoto wa Malindi pekee angelifanya. Alijua nyumba mpya haiingiwi kavukavu, basi akawaalika majirani waje kulisomea banda fatiha, wapate kahawa na halwa.

Wakaja. Wakaomba, wakaitika amin, wakanywa. Lakini banda lilikuwa na kivuli kizuri, na kesho yake wakarudi. Ami Athman, fundi cherehani, alikuja na bao lake. Mzee Badi alikuja na gazeti. Mama Kanze, aliyetoka Junju na kuuza mikate ya sinia, akatua sinia lake benchini.

"Samahanini, hapa ni pa kusomea," Shekha alisema.

"Nasi twasoma," Mzee Badi alijibu, akifunua gazeti.

"Tena dua tumeiomba sisi," Ami Athman akaongeza. "Utatutoaje ndani ya dua yetu?"

Shekha akamkimbilia mama yake. Bi Mahfudha hakuinua hata macho kwenye makuti. "Uliwaalika wewe. Mkubwa hafukuzwi, mwanangu. Tafuta la kufanya nao."

Mtihani ulikuwa unakaribia. Usiku huo Shekha alifungua kitabu cha hisabati, kwa mara ya kwanza tangu banda lisimame, akakuta hesabu za sehemu, za robo na theluthi. Hakuelewa kitu. Asubuhi akaenda nacho bandani.

"Shikamooni. Banda hili lina kodi. Anayekaa, anisaidie swali moja."

"Marahaba. Kodi yenyewe ndiyo hiyo?" Mzee Badi alicheka. "Lete."

"Robo tatu, toa theluthi moja."

"Rahisi. Juu, tatu toa moja, mbili. Chini, nne toa tatu, moja. Mbili juu ya moja ni mbili."

"Mbili nzima?" Mama Kanze aliuliza. "Nina robo tatu ya mkate, nampa mtu kipande, halafu nabaki na mikate miwili?"

"Hiyo ndiyo baraka ya dua," Mzee Badi alisema bila kutikisika.

"Basi nipe dua hiyo niache kuchoma mikate."

Shekha aliomba mkate mmoja na kisu. Akaukata vipande vinane. Robo tatu ilipatikana, theluthi ikakataa. Mama Kanze akampa mwingine, akinung'unika. Shekha alifikiri sana safari hii, kisha akaukata kumi na viwili. Robo tatu, vipande tisa. Theluthi, vinne. Vikabaki vitano.

"Tano kwa kumi na mbili," alisema polepole. "Lazima vipande vilingane kwanza, ndipo utoe."

Ami Athman alikubali, akala jawabu.

Tangu siku hiyo ilimbidi Shekha asome kila jioni, maana ungemdaije mtu swali usilolijua? Wazee nao hawakutaka aibu. Faki alipotafuta kitabu chake cha hisabati, alikikuta chini ya cherehani ya Ami Athman, aliyekichukua kisirisiri ajisomee.

Matokeo yalipotoka, Shekha hakuwa wa kwanza wala wa pili, lakini alivuka kwenda la saba bila kusukumwa. Mwalimu Hannah akaja kuliona banda.

"Ulipokuwa ukijenga ulijifunza nini?" alimuuliza.

"Kuezeka, Mwalimu."

"Na hisabati?"

"Hiyo sikujifunza mpaka nilipoanza kuuliza."

"Basi shika hilo. Paa na benchi havifundishi mtu. Mimi niko nawe saa chache tu, na kesho naweza kuhamishiwa shule ya Adu. Lakini anayejua asichokijua, na asiyeona haya kukitafuta vitabuni na kwa watu, hatakosa mwalimu maisha yake yote."

Likizo ilikuwa imeanza. Shekha akafungua kitabu cha sayansi, akatafuta ukurasa asiouelewa. Aliupata upesi sana.