Waya Uliovutwa Mara Tatu

Fundi Limbu aliinua Prado ya Matiko kwa inchi nne, akafunga springi mpya na shokapu ndefu, lakini kila asubuhi pua ya gari ilikuwa chini. Nyuma imesimama, mbele imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji.

Wegesa, mke wa Matiko, ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akiamka kabla ya wote, anafagia uwanja, ndipo aende kufungua kibanda chake cha kushona sare za shule, hapo Tarime mjini.

"Springi zako zimechoka kabla hazijafanya kazi," alimwambia mumewe.

"Mpya hizo, Mama Mokami. Bado zinajizoeza."

"Zinajizoeza kulala?"

Matiko alicheka. Miaka kumi na moja aliwaendesha wageni ndani ya Serengeti kwa magari ya watu wengine, na sasa alitaka kazi yake mwenyewe: kuwapeleka wageni nje ya hifadhi, hadi upande wa Ziwa Natron, nchi kavu kama jangwa, ambako mchanga unameza tairi na hakuna wa kumwita. Kwa hiyo gari la familia, lililokuwa likibeba watoto wa shule na mahindi kutoka Susuni, likaanza kubadilishwa. Viti vya nyuma viling'olewa. Zikaja tairi zenye meno, keria ya madumu ya maji na mafuta, bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo, na bampa la chuma lenye winchi ya kujinasua mchangani.

Vyote vilikuwa vipya isipokuwa winchi. Hiyo Limbu aliitoa Nyamongo, kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo lililokuwa limefungwa. Limbu alikuwa Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu, mapafu yakamshinda, akageukia magari.

"Mashine haina tatizo," alisema. "Imepandisha watu miaka minne."

Siku ya kuijaribu, Matiko aliuvuta waya wote, mita ishirini na nane, akautandaza uwanjani. Ndoano ililala kwenye vumbi, haijafungwa popote. Waya ukashtuka. Ukashtuka tena. Ukashtuka mara ya tatu. Matiko alidhani umekwama, akabonyeza rimoti uingie.

Winchi ilinguruma kama iliyobeba mzigo. Pua ya gari ikashuka. Waya ulipoingia mita mbili, ikazima.

"Betri," alisema Matiko.

Kesho yake asubuhi, Wegesa akiwa na fagio mkononi, winchi ilijizungusha yenyewe ikaingiza mita moja nyingine. Polepole. Harufu ya tope bichi na baruti ikajaa uwanja. Wegesa aliweka fagio chini, akafungua boneti, akachomoa nyaya za betri kwa mkono wake, na alipoinua kichwa winchi ilikuwa bado inazunguka.

Hakupiga kelele. Alikuwa na sare kumi na nne za kumaliza.

Lakini wiki ile binti yake Mokami, mwenye miaka minane, alianza kukohoa. Siku moja alirudi kutoka shuleni na tope jekundu masikioni, na Tarime nzima mvua ilikuwa haijanyesha. Mwalimu wake alisema siku hiyo alimkamata getini saa nne, amefumba macho, anatembea kuelekea kwao kama anayeongozwa. Jioni, jua bado lipo, Wegesa alimkuta amechuchumaa mbele ya bampa, waya umo mkononi, ananong'ona.

"Unaongea na nani?"

"Huyo wa chini."

"Anasemaje?"

"Anauliza kama yuko tayari wa zamu." Mokami alikuna sikio. "Nimemwambia mimi sijui zamu. Anasema nitajua."

Wegesa alimwinua kwa kwapa, akamwingiza ndani, akamwogesha kwa maji ya moto mpaka mtoto akalia. Kisha akampigia Limbu.

"Njoo na spana. Uje uling'oe chuma lako."

Limbu alikuja na spana. Alipoona pua ya gari ilivyoinama, alisimama mbali.

"Fungua nati, fundi," alisema Wegesa.

"Siwezi, mama. Kuna mtu kwenye waya."

"Ndoano ile pale chini. Mtu yuko wapi?"

Limbu alishusha sauti, akawa anaongea huku anaangalia mlango alikoingia Mokami.

"Duarani tunaongea kwa waya. Mvuto mmoja, simama. Miwili, shusha. Mitatu, vuta, nakuja juu. Ukijibu mitatu, umeahidi. Tulikuwa na kijana, Batholomeo. Udongo ulimfunika. Tulimtoa siku ya tatu, nikambeba mwenyewe, nikasafiri na jeneza mpaka Bukoba. Kwa hiyo huyu si yeye. Ila zile siku tatu, mama, tukijua kabisa amekufa, waya ulikuwa unavutwa. Mitatu. Kila saa. Hakuna aliyejibu."

"Na mume wangu akajibu."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaifunga winchi hiyo kwenye gari la watoto."

Limbu aliigeuza spana mkononi.

"Endelea. Hayo ya zamu?"

"Duara haliachwi tupu. Anayepanda anashikana mkono na anayeshuka. Huyu wa kwenye waya ni jini. Limekaa kule, limejifunza kazi yetu yote. Linachagua mtu wa kushika nafasi yake. Waya ukiisha kuingia..."

"Nimeelewa."

Jumamosi walikwenda Susuni kwa Bibi Efrazia, aliyejulikana kwa kutuliza mizimu. Wegesa alimwamkia shikamoo. Bibi aliweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Mizimu ya kwetu ina ukoo," alisema. "Nikitaja ukoo, inaitika. Hili limefuata dhahabu, kama watu walivyoifuata. Halina kwao. Siliwezi."

"Nani analiweza?"

"Sijui, mwanangu. Ila aliyejibu asiguse tena, mkono wake linaujua. Na mtoto asikae mbali na gari. Akiwa mbali linamvuta kwa nguvu zaidi, hata barabarani kwenye malori."

Njiani kurudi, simu ya Matiko ililia. Wegesa ndiye aliyeipokea.

"Niaje, madam," ilisema sauti kutoka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. "Hiyo Prado ya kuuzwa iko?"

Wegesa alimtazama mumewe. Matiko alikaza macho barabarani.

"Iko," alisema Wegesa. "Ina mtu ndani ya winchi."

"Mtu mgani sasa?"

"Wa kuchukua watoto. Unao watoto?"

Simu ilikatika.

"Nilitaka tu liondoke," Matiko alisema kwa sauti ndogo.

"Liende kwa mtoto wa mwenzangu? Mura, sikiliza. Gari hili nimelifulia viti, nimetapikiwa humu, nimejifungulia humu pale Nyamwaga lilipokwama. Haliuzwi na haliachwi. Huyo wa kwenye waya ndiye atakayeshuka."

Jumatatu saa nne asubuhi, waya, uliokuwa ukiingia kila siku na kufungwa kwenye bampa wakati wa safari, ukiwa umebaki mita tatu tu nje, Wegesa aliendesha mwenyewe kwenda Nyamongo. Matiko aliachwa njia panda kati ya bodaboda, kwa agizo la Bibi Efrazia. Mokami alikaa kiti cha mbele, amefungwa mkanda. Limbu alikaa nyuma, juu ya bati, anaelekeza njia, na magotini alikuwa na mkasi mrefu wa kukatia nondo.

"Tukiukata hapa hapa?" Wegesa alikuwa ameuliza.

"Litaangukia hapa hapa. Litakaa kwenu. Lazima lishushwe lilikotoka, lifike chini kabisa, ndipo ukate."

Duara lilikuwa nyuma ya vifusi, mdomo umezibwa kwa miti. Waliiondoa. Wegesa aliegesha gari likitazama shimo, akaweka mawe kwenye tairi, akamwambia mwanae, "Usitoke. Hata nikikuita," akafunga milango yote kwa funguo. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba mawe yalimeta. Aliitumbukiza ndoano shimoni, akashika waya kwa mikono miwili, akauvuta mara mbili kama alivyofundishwa. Shusha. Akabonyeza rimoti.

Waya ulianza kutoka, na hapo ndipo kile kilichokuwa kikipanda siku zote kilipoelewa kwamba kinarudishwa, maana winchi ilianza kulia kwa sauti nyembamba, na upepo ukatoka shimoni kwenda juu, upepo wa baridi wenye baruti na jasho la zamani, ukaleta vumbi jekundu lililotanda kwenye kioo cha mbele mpaka kiti cha Mokami kikapotea, na waya ukavutwa mitatu, ukavutwa mitatu, ukavutwa mitatu, kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango nyumba ikiungua, na kila mara Wegesa akajibu miwili, miwili, viganja vinachubuka, damu inateleza kwenye chuma.

"Shuka," alisema. "Shuka. Nina kazi nyumbani."

Mita ya ishirini na nane ilipotoka, waya ulilegea. Limefika. Wegesa alichukua mkasi.

"Mama!"

Sauti ilitoka chini. Ilikuwa ya Mokami, pamoja na kikohozi chake.

Wegesa aligeuka. Kwenye kioo, vumbi lilikuwa limeporomoka upande mmoja, na kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mkanda ulining'inia.

"Mama, nimeanguka! Mama, ni giza huku!"

"Mtoto!" Limbu alipiga kelele, akaja mbio na kuishika rimoti. "Pandisha, mama! Mtoto yuko chini! Pandisha!"

"Achia hiyo rimoti."

"Nimemwacha mmoja, simwachi wa pili!"

Wegesa alimpiga kiwiko cha kifua, pale pale kwenye mapafu mabovu, Limbu akakaa chini anatafuta pumzi. Waya ulikaza. Mitatu. Wegesa aliona mbele ya macho yake kidole chake mwenyewe kikitaka kubonyeza, akaona milango aliyoifunga na funguo zilizokuwa ndani ya sidiria yake, akaona pia kwamba kitu kilichoweza kuzungusha winchi isiyo na betri kinaweza kufungua mlango, na kwamba kama amekosea hatakuwa na mahali popote pa kukaa duniani maisha yake yote, na sauti ile ikazidi kulia chini, inapanda na kushuka, inajikaba, mpaka ikasema:

"Mama, nisamehe! Nisamehe, sitarudia tena!"

Mikono ya Wegesa ilitulia. Miaka minane, kwa fimbo, kwa kunyimwa chakula, kwa kusimamishwa kwenye kona, hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwa Mokami hata siku moja.

Akafunga meno ya mkasi kwenye waya, akauegemea kwa uzito wake wote. Waya ulikatika kwa mlio wa bunduki, ukapita pembeni ya shavu lake, ukazama. Chini, sauti ya mtoto ililia kwa muda mrefu, ikaenda ikigeuka, ikawa ya mwanamume, ikawa si ya mtu. Kisha kimya.

Hakungoja. Alikimbilia mlango, funguo zikamwanguka mara mbili. Alipoufungua, kiti kilikuwa kitupu kweli. Mokami alikuwa chini, amejikunja mbele ya kiti, vidole vimeziba masikio, macho yamefumbwa.

Wegesa alimshika bega. Mtoto alimng'ata.

"Ni mimi, wewe punguani."

Mokami alifumbua macho, akamtazama vizuri, akaachia mkono.

"Ulikuwa unaniita kule shimoni," alisema. "Unasema nifungue mlango nije. Nilikuwa nimeshafungua mkanda."

"Mbona hukuja?"

"Ulisema, njoo mpenzi wangu, njoo roho ya mama." Mokami alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nikajua siyo wewe."

Wegesa alibaki ameinama mlangoni. Nje, Limbu alikuwa anakohoa na kuomba radhi, na hakuna aliyemsikiliza. Maneno kadhaa yalimjia Wegesa mdomoni, yale ambayo mama mwingine angeyasema saa ile, na kila alilolishika alikuta limeshapita kwenye mdomo wa kile kilichokuwa chini.

Aliyameza yote.

"Panda kitini," alisema. "Funga mkanda."

Mokami alipanda, akafunga mkanda, akampa mama yake mkono uliokuwa na tope la masikioni ili aufute.