Mpini Ulioliwa na Wadudu

Soko la mboga la mji wa Brno lilikuwa limefurika watu. Zdislava alipita katikati ya kabichi na maua, ovaroli la buluu mwilini, begani kabeba ufito mnene uliomzidi urefu. Alipogeuka, ufito ukaing'oa kofia ya mwanamume mmoja.

"Dada, hiyo kofia nilikuwa naitumia."

"Samahani kaka. Kichwa kipo?"

"Kipo. Ila kimeanza kukuwaza."

Zdislava akacheka mpaka vumbi la mbao likamdondoka nywelani. Ndivyo alivyomjua Lubor.

Zdislava alitengeneza silaha za kale: mashoka ya vita yenye ncha ya mkuki, juu ya mipini mirefu. Alichonga mti, akafunga chuma kwa misumari ya vichwa vya mraba, akapaka rangi ya maganda ya tunda la jozi mpaka mpini wa juzi ukaonekana wa enzi za wafalme. Nyingine zilikuwa za kutundikwa hotelini. Nyingine zilikuwa za wapiganaji wa michezo, wanaovaa deraya za chuma na kutwangana kwa silaha butu. Lubor, fundi wa lifti, alikuwa mmoja wao.

Wakapendana. Ila Zdislava hakwenda hata siku moja kumwona akipigana. Kaka yake, Radim, alipoteza jicho kwenye mchezo huohuo, chuma kilipochomoka mpinini. Hakuwahi kumwambia Lubor.

Siku ya mashindano Lubor alipiga simu asubuhi.

"Kipenzi, leo unakuja?"

"Nina kazi."

"Kila mara kazi. Sema tu unanionea aibu."

"Usianze, Lubor. Shoka lako liko karakanani, nyuma ya mlango. Pita ulichukue, mimi natoka."

Akaenda kukaa kwa muuza mikate, Lubor asije akamwona analia. Aliporudi karakanani, akasimama kizingitini kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Shoka la Lubor lilikuwa bado nyuma ya mlango. Lililotoweka ni pacha wake, lililokuwa dirishani, la kupamba ukuta wa hoteli. Mpini wake ulitokana na boriti kuukuu iliyoliwa na wadudu. Mwenye hoteli alivipenda vile vitundu. Ndani ulikuwa unga mtupu.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakoma. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

Alikimbia na aproni yake, akadandia tramu, akashuka chini ya ngome kulikofanyika mashindano na kupanda mlima mbio. Kutoka juu zilisikika kelele za chuma. Kulipotokea kimya, hofu ikazidi.

Lubor alikuwa uwanjani, ameinua shoka.

"Mama, huruhusiwi kupita," mwamuzi alimzuia.

Zdislava akapenya chini ya kamba. "Lubor, litupe! Mpini umeoza!"

Lubor akaijua sauti, akageuka. Lakini pigo la mpinzani lilikuwa limeshaondoka. Likatua kwenye mpini, mpini ukavunjika kama biskuti, na chuma kikaruka kikizunguka, kikampita Lubor begani, kikajikita ardhini hatua moja mbele ya viatu vya Zdislava.

Zdislava akakaa palepale majanini. Lubor akapiga magoti mbele yake, akihangaika na mikanda ya kofia ya chuma. Zdislava akamfungulia. Ndipo akamweleza habari za Radim.

"Kwa nini hukuniambia, mpenzi?"

"Niliona nikilitamka, litakupata na wewe."

"Na mimi nikazima simu."

"Ulizima, Lubor. Nilishakuzika mara ngapi nikiwa kwenye tramu ile."

Lubor akamshika mikono.

"Zdislava, nikuoe?"

"Hiyo ni hofu inaongea. Niulize ukishatulia."

"Nitatulia lini?"

"Jaribu kesho."

Kesho yake mchana Lubor alimuuliza tena, kwenye mlango wa karakana. Hakuwa ametulia. Wala Zdislava hakuwa ametulia, maana 'ndiyo' yake ilimtoka kwa sauti ndogo mno, ikabidi aiseme mara mbili.