Nta Kwenye Breki ya Mama

Jumamosi, duka la vipuri halina foleni, lina viwiko. Msichana wa ovaroli ya bluu na kitambaa chekundu kichwani alikuwa ameshauwahi mswaki wa mwisho wa kusugulia rimu, kijana mrefu akapitisha mkono juu ya bega lake kuchukua boksi la pedi za breki.

"Samahani, dada."

"Kumbe ni wewe unayenitesa! Kutwa nasugua vumbi jeusi kwenye rimu za watu, kumbe linatoka kwenye pedi zako."

"Bila mimi ungekosa kazi," kijana akacheka. "Halafu mbona unanukia ndizi mbivu?"

"Ni nta, si mimi. Rimu ikipakwa nta, vumbi la breki halishiki. Maji tu yanalitoa."

Kijana alikuwa fundi breki. Walimwita Kanyaga, kwa sababu akilala chini ya gari kutoa hewa kwenye breki, mtaa mzima humsikia: "Kanyaga! Achia! Kanyaga!" Msichana alikuwa muosha magari, na wateja walimwita Kioo kwa jinsi rimu zilivyong'aa mikononi mwake. Mwezi haukuisha, simu zao zikawa hazipoi.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe umenawa?"

"Mara tatu."

"Bado moja. Nakujua."

Jumatatu moja Kanyaga akamletea gari la mama yake, pedi zikiwa mpya. "Mama atalipitia mwenyewe hapa. Nataka mkutane," akasema, na kurudi gereji.

Hapo ndipo haraka ilipomponza Kioo. Siku zote alifungua matairi, akaosha rimu zikiwa zimepoa, akapaka nta kwa kitambaa nje na ndani. Siku hiyo, kwa hofu ya kumngojesha mama mkwe mtarajiwa, aliyaacha matairi yalipo, akachukua nta ya kopo na kuipuliza kupitia mianya ya rimu. Nyingine ikatua kwenye diski, pale pedi zinapobana. Aliiona ikimeremeta. Akajiambia itaungua yenyewe njiani.

"Mwanangu, rimu hizi zimekuwa kama sahani mpya!" mama akasema alipofika, akamshika mkono. Kioo akaona haya kwa furaha. Haya nyingine ilikuwa njiani.

Saa haikupita, simu ikalia.

"Mpenzi, mama amegonga ukuta wa nyumbani. Gari lilikataa kusimama. Mkono umeteguka, na mjomba anasema nimefunga breki vibaya."

Kioo akafungua mdomo. "Pole," akasema.

Ukweli alikaa nao moyoni siku tano. Mjomba alitangaza ajali hiyo kama aliyelipwa kuitangaza, na wateja wa Kanyaga wakaanza kupitiliza gereji yake. Kanyaga alipiga simu kila siku.

"Umenichoka? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nina kazi nyingi."

"Kama kuna jambo, niambie tu, kipenzi."

Kioo akakata simu. Alikuwa akiona aibu hata kujitazama kwenye rimu anazozing'arisha.

Jumamosi alivaa gauni lake la kijani, akachukua lile kopo na kwenda gereji. Akamkuta mama, mkono umefungwa shingoni, na mjomba mdomo wazi.

"Fundi breki gani anamtwanga mama yake ukutani! Nani atakuletea gari tena?"

Kanyaga alikuwa ameinamisha kichwa, spana mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba." Kioo akaliinua lile kopo. "Si yeye. Ni mimi. Nilipuliza nta bila kufungua matairi. Niliiona imeingia kwenye diski, nikanyamaza. Alipolaumiwa, nikanyamaza tena."

Mjomba akafunga mdomo, jambo ambalo ukoo mzima haukuwahi kulishuhudia.

"Nilijua," Kanyaga akasema taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofungua tairi. Diski ilinukia ndizi."

Kioo alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku tano alikuwa akimficha mtu siri anayoijua! "Mbona hukusema?"

"Nilitaka uniambie mwenyewe. Kila nilipopiga simu nilingoja hilo tu." "Na mimi nina kosa langu. Ilinipasa kurudi kulijaribu gari kabla mama hajalichukua. Nilitaka sana mkutane, nikasahau kazi."

Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mkono utapona," akamwambia Kioo. "Kinachoniuma ni hizo siku tano. Mwanangu alitukanwa nawe unasikia."

"Naomba radhi, mama. Sina la kujitetea."

"Huna kweli. Lakini umekuja kwa miguu yako, hukuletwa." Akamgeukia Kanyaga. "Diski umesafisha?"

"Nimesafisha, pedi nimebadilisha, na gari nimelijaribu mara nne."

"Haya, binti, shika usukani. Mimi nakaa pembeni. Unipeleke nyumbani."

Kioo aliendesha polepole, mama pembeni yake. Ukuta ukatokea, tofali zake zimebomoka pembeni. Akakanyaga breki. Gari likatulia kimya, hatua mbili kabla ya ukuta.

Simu ikalia.

"Limesimama?" Kanyaga akauliza, pumzi juu.

"Limesimama."

"Mama anasemaje?"

Mama akainyakua simu kwa mkono wake mzima. "Nasema uache kumpigia simu mtoto wa watu kila saa. Jumamosi ijayo nendeni kwao na mjomba wako, mkampose kwa heshima. Na huyo mjomba, nitamfundisha mwenyewe la kusema."

Akamrudishia Kioo simu. Kioo hakuweza kuipokea. Alikuwa analia, mikono yote miwili kwenye usukani na mguu bado umekanyaga breki.