Watoto Ambao Mshahidi Hakuwaona

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaachia milima ya Mbeya, mashine iitwayo Mshahidi iliamka katika nyumba zote za malezi jijini. Ilikuwa sahani nyeupe iliyobandikwa darini, na kazi yake ilikuwa kuhisi joto la miili iliyomo chumbani na kusikiliza mapigo ya mioyo. Ikimtambua mtoto, ilimtaja kwa jina. "Lusekelo, yupo." Papo hapo ruzuku ya malezi, ambayo serikali ilimtolea kila mtoto wa mzazi anayefanya kazi, ilianza kuingia kwa mlezi wake. Hapakuwa na foleni wala karani wa kubembelezwa. Wageni walipanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kuistaajabia.

Aliyeibuni, Enginia Tusekile, alikuwa anajisikia, na kusema kweli alikuwa na haki ya kujisikia. Asubuhi moja alikuwa ofisini kwake juu mlimani, akinywa chai, wakati bangili-sauti ya mkononi mwake ilipozungumza.

"Lusekelo, hayupo."

Chai ilimpalia. Lusekelo alikuwa mwanawe wa pekee, hajafikisha hata mwaka, na muda ule alipaswa kuwa Iyunga kwa mlezi wake, Bupe, ambaye wazazi wote walimwita Shangazi. Haikuwa mara ya kwanza wiki ile bangili kusema hivyo. Mara zilizopita Tusekile alijiambia labda wametoka kuota jua. Lakini sasa alikumbuka maneno yaliyokuwa yakivuma Idarani, kwenye ofisi iliyosimamia walezi wote: kwamba Bupe anadai ruzuku ya watoto hewa, na kwamba mchana wa siku hiyohiyo angeitwa mbele ya baraza na kunyang'anywa kibali cha kulea.

Bupe hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alijiajiri mwenyewe, nyumbani kwake, kama walezi wengi wa jiji lile. Mwajiriwa mshahara ukichelewa anao wenzake wa kugoma nao. Bupe ruzuku ilipoanza kukatika hakuwa na hata mlango wa kugonga. Alipouliza, alijibiwa na sauti ya mashine kwamba watoto wake hawaonekani. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kufidia, naye hakuwa na moyo wa kuwafukuza watoto. "Njooni nao tu," aliwaambia, "ikitoka tutaelewana." Unga wa uji ukawa unatoka dukani kwa Mangi kwa mkopo, na Mangi naye akaanza kununa.

Tusekile alipanda teksi ya angani, akashuka Iyunga mbiombio, akausukuma mlango bila hodi.

"Shangazi, mwanangu yuko wapi?"

Bupe alikuwa jikoni anakoroga uji. Alimtazama juu mpaka chini. "Leo hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Mwanangu yuko wapi?"

"Marahaba." Akageuka kuonyesha mgongo. Lusekelo alikuwa ndani ya mbeleko, shavu limebonyea, mdomo wazi, anakoroma kama mzee aliyeshiba. "Meno yanamsumbua tangu asubuhi. Nikimlaza analia, nikimbeba analala. Ulitaka nifanyeje?"

Darini, Mshahidi akatangaza kwa upole wake wote: "Lusekelo, hayupo."

Tusekile alitazama darini, kisha mgongoni kwa Bupe. "Shangazi, naomba umshushe kidogo."

"Ataamka."

"Naomba."

Bupe alimlaza mkekani. Mtoto akaangua kilio cha kusikika mpaka barabarani. "Lusekelo, yupo," Mshahidi akasema. Akarudishwa mgongoni, akanyamaza. "Lusekelo, hayupo."

Basi enginia akakaa chini pale mkekani, na suti yake ya ofisini, akajishika kichwa. Aliielewa mashine yake kuliko alivyojielewa mwenyewe. Walikuwa wameifundisha katika kituo cha Idara, ambako kila mtoto hulala kwenye kitanda chake na kulishwa na mikono ya roboti. Ilizoea kuona nafasi kati ya mwili na mwili. Miili miwili ikishikamana kwa muda mrefu, joto lake huchanganyika, na mapigo ya moyo mdogo humezwa na ya moyo mkubwa. Mshahidi aliona mtu mmoja tu, mwenye joto lililozidi kidogo. Maenginia wote waliomfundisha walikuwa wamelelewa migongoni, lakini hakuna aliyewaza kupeleka mbeleko maabara. Nani angewaza? Ni kitenge tu.

"Nimekukosea, Shangazi," alisema. "Hii mashine nimeitengeneza mimi. Haimwoni mtoto aliyebebwa."

"Wewe?" Mwiko ulibaki juu, unadondosha uji sakafuni. "Mama Lusekelo, sokoni wananiita mwizi. Mchungaji kaja hapa kuniombea niache wizi! Nimepiga magoti, nimeombewa, na sijaiba!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira.

Tusekile naye alilia. Kisha akainuka. "Chukua watoto wote, twende kwenye hilo baraza. Na Lusekelo usimshushe."

Ukumbi ulikuwa umejaa walezi walioitwa kujieleza. Wengi walikuja na watoto wa watu, maana aliyejiajiri hana wa kumwachia kazi. Mbele alikaa Dokta Ambakisye, mkuu wa Idara, mtu wa koti zito na maneno machache. Juu ya kichwa chake alibandikwa Mshahidi.

"Enginia," alisema Dokta baada ya kumsikiliza, "ulisimama humu ndani ukatuambia mashine hii haikosei. Nimefunga nyumba za watu kwa neno lako hilo."

"Nililisema, na nilikosea. Sasa naomba uvue koti."

"Nivue nini?"

Bupe alishasogea. "Inama, baba. Inama zaidi. Usijikaze hivyo, hubebi zege." Akampandisha mtoto, akakaza mbeleko, akafunga fundo kifuani pa mkuu wa Idara. Watu walijiziba midomo. Lusekelo alikuwa ameamka, akaona sikio kubwa karibu naye, akalishika kwa mikono miwili. Wakasubiri joto lichanganyike.

"Lusekelo, hayupo," Mshahidi akatangaza.

"Hayupo?" Dokta aliruka. "Na huyu anayening'oa sikio ni nani?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na Bupe alicheka kuliko wote. Lakini Dokta hakucheka. Aliagiza taarifa za walezi wote waliotuhumiwa zioneshwe ukutani, akazisoma akiwa amesimama, anayumba taratibu bila kujijua, kama ayumbavyo kila aliyebeba mtoto. Waliotuhumiwa zaidi ni wale waliolea wachanga na wagonjwa. Wale waliobeba sana.

Hapo mlezi mmoja kijana, Atuganile, akasimama nyuma.

"Mimi sikutuhumiwa," alisema. "Nimekuja kumsindikiza jirani. Mimi niligundua nikiwalaza chini, hela inatoka. Sikujua kwa nini, ila nilikuwa na kodi ya nyumba. Nikaacha kuwabeba. Mwanzo walilia sana." Akakishika kigari kilichokuwa kando yake. "Siku hizi hata hawalii."

Tusekile alimtazama mtoto aliyekuwa karibu na Atuganile, ndani ya kigari kinachojiendesha, macho makavu yakiwa juu darini, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani.

Dokta Ambakisye alitoa uamuzi na mtoto mgongoni. Vibali vyote virudishwe leo. Ruzuku zote zilizozuiwa zilipwe kabla jua halijazama. Mshahidi asikate ruzuku ya mtu mpaka afundishwe upya, na afundishwe kwenye nyumba za walezi wenyewe. Na asiitwe mtu mwizi kabla binadamu mwenzake hajaenda kumwona kwa macho. Vigelegele vilianza kabla hajamaliza, akawa anapiga kelele ili asikike.

Walitoka nje uwanjani wakikumbatiana, Lusekelo akiwa bado mgongoni mwa Dokta. Bupe alimfuata Atuganile, akavua kitenge alichojitanda mabegani, akamkabidhi. Atuganile akamtoa mtoto kwenye kigari na kumfunga. Yule mtoto alikakamaa mwanzoni, kichwa juu, kana kwamba hajui mgongo ni wa nini. Kisha akalegea, akalaza shavu, akaanza kulia, kilio kirefu cha mtoto mwenye mtu wa kumlilia. Atuganile naye alilia, akitembea huku na huku, akimpigapiga kwa nyuma.

Walezi wengine wakafunga mbeleko zao. Mmoja baada ya mwingine, watoto wote wakapanda migongoni. Kwenye ukuta wa nje wa ukumbi palikuwa na Mshahidi mkubwa wa uwanja, na baada ya muda akaanza kuwataja kwa sauti yake ileile ya upole: Lusekelo, hayupo. Neema, hayupo. Gwamaka, hayupo. Na kila jina lilipotajwa, uwanja mzima uliitikia kwa vigelegele.