Karatasi ya Bwana Pyo

Mume wangu Byeong-cheol alifariki Jumatatu asubuhi, akikoroga uji wa maboga. Niliposikia mwiko ukianguka, nilidhani umemponyoka tu. Nikaendelea kukata figili.

Tulikuwa na duka la uji mjini Gunsan, mkabala na hospitali. Jina kwenye bango lilikuwa la kampuni ya Seoul. Tuliilipa kampuni ili tutumie jina lake na kupika kwa namna yake. Mkataba aliuweka Byeong-cheol kwa jina lake.

Hatukujaliwa watoto. Siku ya mazishi walihitajika wanaume sita wa kubeba jeneza, wakapatikana watano. Wa sita alikuwa Bwana Pyo, mkaguzi wa kampuni, aliyezoea kuja kila Jumanne kuangalia jiko letu. Alivaa glavu nyeupe kama wenzake, akabeba.

Nilifunga duka siku tisa. Siku ya kumi Bwana Pyo alikuja na karatasi.

"Pole tena, Mama. Makao makuu wanasema umefunga zaidi ya siku saba bila ruhusa. Na mwenye mkataba ndiyo hivyo, hayupo. Gonga muhuri hapa, tuachane kwa amani."

"Na duka?"

"Bango tutalishusha mwisho wa mwezi."

Nilishindwa kumkatalia. Mtu amekubebea mume wako, utamwambiaje hapana? Nikamwomba siku mbili, kwa sababu sikuwa na muhuri wa jina langu, ambao kwetu ndio sahihi. Nyumbani tulitumia wa Byeong-cheol.

Nikaenda kwa Mal-sun, mchonga mihuri wa mtaani kwetu.

"Nichongee jina langu."

"Haya. Unakwenda kuugonga wapi?"

Nikampa karatasi. Aliisoma huku akitafuna karanga. Kisha akaacha kutafuna.

"Sichongi."

"Mal-sun, nakulipa."

"Hata ukinipa nyumba! Dada, hii inasema wewe mwenyewe umetaka mkataba uishe. Kwa hiari yako."

"Lakini nilifunga siku tisa."

"Ulikwenda kuogelea? Ulikuwa unazika! Sheria inasema siku saba mfululizo bila sababu ya msingi. Kufiwa na mume si sababu? Wanataka sababu gani, tetemeko la ardhi?"

Nilicheka. Kisha nikalia, na yeye akanisubiri.

Zamani Mal-sun alikuwa na duka la mikate chini ya jina la kampuni nyingine. Aliletewa karatasi kama hii, akagonga bila kusoma, na duka likaenda. Sheria aliijua baadaye.

"Sikiliza," akasema. "Kampuni haivunji mkataba kwa mdomo. Lazima ikuandikie kosa lako, na ikupe miezi miwili au zaidi ulirekebishe. Tena iandike zaidi ya mara moja. Isipofanya hivyo, mkataba uko hai. Lakini ukigonga muhuri kwa hiari, nani atakutetea? Mkataba wenyewe uko wapi?"

Niliukuta kabatini, chini ya makoti yake. Tukausoma pamoja hadi kifungu cha mirathi. Mwenye mkataba akifa, mrithi anaweza kuendelea, mradi aiandikie kampuni ndani ya miezi mitatu na ahudhurie mafunzo.

"Na Bwana Pyo? Alibeba jeneza."

"Mshukuru kwa jeneza. Mpelekee hata chupa ya pombe ya soju. Muhuri ni jambo jingine."

Siku hiyo alinichongea muhuri, nikaugonga kwenye barua yangu kwa kampuni. Niliituma kwa rejista na kuweka nakala. Wiki tatu zilipita bila jibu. Nikaenda ofisi ya usuluhishi wa mikataba, ambako hawakunitoza kitu. Afisa wao aliiandikia kampuni, na kampuni ikakubali.

Kabla ya hapo, zile siku mbili zilipoisha, Bwana Pyo alikuja kuichukua karatasi yake, nikamrudishia bila muhuri. Nilimwinamia sana kwa ajili ya jeneza. Naye akainama.

Mafunzo yalikuwa Seoul, siku tano. Wengine walikuja mume na mke. Mezani mwalimu aliweka vijiko viwili viwili, na mbele yangu pia aliweka viwili.

Sasa mkataba una jina langu, na umebakiza miaka minne. Nafungua saa moja asubuhi. Kwa kuwa niko peke yangu, tumekubaliana na kampuni kwamba nipike aina nne za uji badala ya tisa.