Mgeni Asiyekaribishwa Harambeeni

Sebule ya Mzee Zadock Oketch ilianza kunuka tope Januari ya 1989, wakati Kisumu nzima haijaona tone la mvua. Mkewe Beldina alipiga deki hadi mikono ikachubuka. Harufu ilitoka ukutani, kwenye ile picha kubwa.

Picha yenyewe ilikuwa majivuno matupu. Mwaka uliotangulia Zadock aliandaa harambee Ahero kwa ajili ya waliokumbwa na mafuriko, kisha akamwita mchoraji Walubengo aichore siku hiyo: wageni wa heshima chini ya hema wakila kuku, Zadock katikati, kando yake binti yake Seline wa miaka sita, na nyuma ya kamba ya katani, juani, waliokumbwa na mafuriko wenyewe, ambao Zadock aliwaambia wangoje, na hawakuonja hata mchuzi. Hao aliagiza wasichorwe nyuso. Aliona ni kupoteza rangi.

Sasa mmoja wao alikuwa na uso. Beldina alimwona saa saba mchana, mwanamume mwembamba ameshika kamba. Walubengo aliitwa, akaapa hakumchora, akakataa hata chai. Kesho yake mtu yule alikuwa amevuka kamba. Siku ya tatu alisimama nyuma ya kiti cha Seline, na siku hiyohiyo Seline akashikwa na homa, akawa anamaliza sahani tatu na bado analia njaa.

Beldina alimleta Maalim Seif kutoka Kaloleni. Maalim alisoma dua, akatega sikio ukutani, akanong'ona.

"Huyu ni jini, mama. Alikuja na wale watu harambeeni, hakukaribishwa. Mwekeni mezani, na mwenye nyumba ampakulie kwa mkono wake, kabla yeye mwenyewe hajala. Akishiba ataondoka. Mkimdharau tena, atamchukua mtoto."

Beldina alipika samaki mzima, ngege wa ziwani, akatoa sahani za wageni, akaenda chumbani kumshika mwanawe. Zadock alibaki na meza. Akala yeye kwanza. Kisha akakusanya mifupa na ukoko wa ugali kwenye sahani ya bati, akaiweka chini mlangoni pa jikoni.

"Watu kama hao wanakula huko," alisema. "Ukiwazoesha meza, hawatoki."

Ndipo zikasikika nyayo zenye maji, zikashuka ukutani, zikapita meza bila haraka, zikafika mlangoni pa jikoni zikasimama, bati likakwaruza sakafu mara moja tu, kisha nyayo zikageuka zikaingia chumbani, na Beldina, ambaye hakuona kitu, akahisi godoro likibonyea upande wa pili, akamkumbatia Seline kwa nguvu zake zote huku mwili wa mtoto ukipoa mikononi mwake, homa ikiisha palepale.

Zadock alicheka, akasema maalim ni mwongo. Kesho yake mchana aliketi kula, akamwita binti yake.

Seline alikuwa uani, amesimama juani, anamtazama. Hakusogea. Beldina alipoyaona macho yale alijua mtoto aliyemzaa hayumo tena, akaanza kulia.

Mtoto akafungua mdomo. Sauti ilikuwa ya mwanamume mzima, yenye adabu.

"Mzee, ulituambia tungoje. Sisi tutakula saa ngapi?"