Mlio wa Saa Tatu

Marehemu alikuwa ameegemea kitini kama aliyesinzia, kikombe kimemlalia mapajani. Ilipofika saa tatu asubuhi, kifua chake kikalia: ti-ti, ti-ti.

Koplo aliruka nyuma. "Afande, maiti inapigiwa simu?"

"Ni saa ya ukutani," mume wa marehemu alisema haraka. Alikuwa fundi saa.

Inspekta aliitazama. Mishale ilikuwa imelala saa kumi na mbili na nusu. "Kweli mganga hajigangi," alisema, akaishusha. Ndani hamkuwa na betri. Nyuma yake zilibanwa barua mbili za hospitali.

"Mkeo alizisoma?"

Mdogo wa marehemu, aliyeukuta mwili, ndiye aliyejibu. "Dada alikuwa haoni, Afande. Msomaji wake ni shemeji. Alituambia hospitali wanamsalimu tu."

Mchana daktari alimaliza uchunguzi wa maiti. "Mwaka jana tulimwekea betri ya moyo, chini ya ngozi. Waya wake umechomoka moyoni. Hutokea, na hurekebishwa. Kifaa chenyewe ni kizima. Kimelia kila siku saa tatu, wiki tatu, kikimwita aje."

Kituoni, Inspekta alizitandaza barua mezani.

"Alipouliza mlio ule, ulimwambiaje?"

"Saa."

"Na kizunguzungu?"

"Uzee."

"Hii inasema kikilia aletwe siku hiyo hiyo. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ukamsomea?"

"Nilimsomea mengine."

"Kwa nini?"

Fundi alivitazama vidole vyake. "Kabla ya betri nilikuwa namshika mkono hadi bafuni. Alipopona akashika fimbo, akawa anakwenda kwa mdogo wake peke yake. Anarudi anacheka. Siku nzima haniiti. Nilitaka aanguke kidogo tu, Afande. Nimwinue."

Mdogo wa marehemu alikuwa mlangoni, amekuja kutia saini maelezo yake.

"Kitendawili, shemeji."

"Tega," fundi alijibu kwa mazoea, kisha akafumba macho. Mchezo huo ulikuwa wa mkewe.

"Mgeni yumo ndani, bado anabisha hodi."

"Moyo," alinong'ona.

"Amebisha siku ishirini na moja. Mwenye nyumba haoni, akakuuliza wewe, ni nani huyo. Ukamwambia hakuna mtu."